UZI: Notsi zako ziko kwenye kompyuta tatu, siku ya shida utafungua ipi?

fundi_kabwe

Wakuu kwema? Nimeona nifungue huu uzi maana hapa Kabwe, Mbeya, haipiti wiki bila mtu kuniletea mashine iliyokufa na kuniambia fundi hata isipopona poa, naomba tu notsi zangu. Haulizii Windows wala muvi, anaulizia notsi. Mwalimu ana maandalio ya somo ya miaka yote aliyofundisha, mwanachuo ana risechi, mchungaji ana mahubiri, afisa ugani ana rekodi za wakulima wake wa viazi kule Umalila. Ukimuuliza una bakapu anakujibu ninayo, nyingine ziko kompyuta ya ofisini, nyingine kwenye flashi, nyingine nilijitumia WhatsApp. Sasa kaa chini uzikusanye. Unakuta faili nne jina moja, kila moja ina kipande ambacho wenzake hawana, na mwenye mali mwenyewe hajui ipi ndo ya mwisho. Hiyo sio bakapu wakuu, huo ni mtawanyiko.

Tuelewane kwanza kitu kimoja. Kuna kusinki na kuna bakapu, na watu wengi wana cha kwanza wakidhani wana cha pili. Kusinki ni pale kompyuta ya nyumbani na ya kazini zinafanana muda wote, ukiongeza aya huku inaongezeka na kule, tamu sana. Ila ukifuta huku inafutika na kule, na virusi wakivuruga faili huku ile iliyovurugika ndo inapanda wingu (hifadhi ya mtandaoni) na kushuka kwenye simu yako, tena fasta. Google Drive ulichofuta kinakaa kwenye tupio siku 30 halafu kwaheri, OneDrive ya akaunti binafsi nayo 30, Dropbox ya bure vile vile. Mwanachuo anafuta folda mwezi wa sita anapunguza mzigo, anakuja kuistukia mwezi wa kumi na moja amerudi chuo. Piga hesabu mwenyewe.

Bakapu ni nakala iliyokaa kando, ukiharibu kitu leo yenyewe haina habari.

Na hapa kuna jambo la D. Sijui nani alitufundisha Watanzania kwamba ukiweka vitu vyako D uko salama. D inakusaidia siku fundi anapopiga Windows upya, maana anaifuta C na Desktop yako na Documents zako zinaondoka nayo kama hukumwambia mapema, D inabaki. Lakini C na D mara nyingi ni hadidiski moja imegawanywa tu kwa programu. Hadidiski ikianza kulia tik tik tik zinaenda zote. Laptopu ikiibiwa stendi, zinaenda zote.

Kuna utaratibu unaitwa 3-2-1, ulienezwa na mpiga picha mmoja Mmarekani anaitwa Peter Krogh alipokuwa anawafundisha wapiga picha wenzake kutunza kazi zao. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya hapo ulipo. Watu wanaikariri vizuri ila wanaisahau hiyo moja ya mwisho. Una laptopu, una flashi, una hadidiski ya nje, vyote viko kwenye begi moja la mgongoni unapanda nalo basi la Iringa. Mtu wa namna hiyo ni sawa na aliyechongesha funguo tatu za mlango akazitia zote kwenye kifungo kimoja.

Namna ninavyowawekea wateja wangu sio ya kitaalamu sana, ila inafanya kazi. Folda moja tu, jina NOTSI, hakuna cha notsi mpya, notsi mpya 2, notsi za mwisho kabisa. Kompyuta moja inakuwa ndo mama, nyingine zinafuata. Majina ya faili yanaanza na tarehe, mwaka kwanza, mfano 2025-03-14 udongo kidato cha pili, kwa hiyo hata ukizihamishia mashine gani zinajipanga zenyewe kwa mfuatano. Halafu kila mwisho wa mwezi unabofya kulia kwenye hiyo folda, unaibana iwe zipu, unaipa jina la mwezi, unaitupia kwenye flashi ambayo haina kazi nyingine duniani. Ya mwezi uliopita huifuti. Maandishi ni madogo jamani, Biblia nzima ya Kiswahili ikiwa maandishi matupu haifiki MB 10, sasa wewe mahubiri yako ya miaka ishirini yanajaza nini kwenye flashi ya GB 32? Kinachojaza ni picha mlizopiga ubaoni kwa simu, kila moja MB 3, MB 5.

Ukimaliza kukopi chomoa. Mvua za huku kwetu zinakuja na radi, na nimeshafungua deskitopu iliyopigwa, pawa saplai nyeusi, ubao umeungua, na ile hadidiski ya nje iliyokuwa imechomekwa pembeni kwa ajili ya bakapu imekufa nayo siku ile ile. Wale virusi wanaofunga faili na kudai hela ndo hivyo hivyo, wanafunga kila kilichochomekwa.

Karibuni, mwenye swali aulize, mwenye njia yake aiweke hapa.

mwana_iringa

Kamwene mkuu. Uzi mzuri ila mbona unatuzungusha sana, mimi niko chuo hapa Iringa vitu vyangu vyote Google Docs. Naandika kwenye simu nikiwa hosteli, naendelea maktaba, kompyuta ikifa sina presha, naingia kwenye ya mshikaji naendelea nilipoishia. GB 15 bure. Flashi za nini mwaka huu?

fundi_kabwe

Kamwene kamwene. Sikupingi mkuu, kwa kuandika hakuna kitamu kama hicho na hata yale matoleo ya nyuma ya faili unayaona. Ila hizo GB 15 ni Drive na Gmail na Picha kwa pamoja, na siku hizi bakapu ya WhatsApp ya Android nayo inahesabiwa humo humo. Zikijaa, barua pepe mpya haziingii, na wewe unasubiri majibu ya supavaiza.

Jambo la pili ambalo limeshamliza mtu hapa mbele yangu. Ukiweka ile Drive ya kompyuta utaona faili zako za Docs zimekaa kwenye folda kama faili za kawaida, mwisho wa jina .gdoc. Mtu anazikopi zote kwenye flashi anaondoka amejaa furaha. Ile sio faili mkuu, ni anwani tu ya kule Google iliko, ndani hakuna hata sentensi moja ya risechi yako. Ukitaka kitu chenyewe unakishusha kama Word, au unaingia Google Takeout unaomba kila kitu kwa mkupuo wanakutumia zipu.

Na OneDrive ina yake. Windows za siku hizi ukiingia na akaunti ya Microsoft inaweza kuchukua Desktop na Documents ikazihamishia OneDrive bila wewe kuelewa vizuri ulichokubali, na ya bure ni GB 5 tu. Angalia pembeni ya faili. Ukiona alama ya wingu, hiyo faili haipo kwenye mashine yako, unachoona ni jina lake. Ukiwa Mbeya mjini na bando unabofya inashuka, ukiwa umefika Matema ukweni hakuna mtandao ndo unajua. Bofya kulia uchague ibaki kwenye kifaa muda wote.

mwana_iringa

Duh hiyo ya gdoc sikuijua aisee. Ngoja nicheki flashi yangu

tichaa_tukuyu

Fundi shikamoo kwa kazi. Mimi niko shule ya kata huku Rungwe, mtandao unategemea mvua na mvua ya Tukuyu mnaijua wenyewe. Nina laptopu yangu, kuna deskitopu ya ofisi ya taaluma, na kuna simu. Azimio la kazi naandikia nyumbani, shuleni naprinti, na marekebisho nayafanya pale pale shuleni maana mkuu wa shule akikagua anasema rekebisha hapa. Nikirudi nyumbani ya nyumbani imepitwa. Flashi ndo inanibebea huku na huku na kila nikiichomeka ofisini inarudi na virusi, mafolda yote yanageuka shortikati. Bando la kupandisha vitu wingu kila siku sina. Nifanyeje?

fundi_kabwe

Mwalimu wangu marahaba, hapo umegusa penyewe. Tuanze na shortikati. Usizibofye. Vitu vyako mara nyingi bado vimo humo, virusi wamevificha tu na kuweka zile shortikati ili ukibofya wapate kuingia mashine nyingine. Chukua kompyuta safi yenye antivirusi iliyosasishwa, yule Defenda wa Windows anatosha, skani flashi, halafu fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri, uandike hivi, kama flashi yako imesoma E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Mafolda yanarudi kuonekana. Kopi vyako, kisha formati flashi. Na ile deskitopu ya taaluma isafishwe maana bila hivyo kesho unarudi nao tena.

Sasa la kufananisha mashine bila bando. Kuna programu inaitwa Syncthing, ya bure, ipo toka 2013, kazi yake ni kuzifanya kompyuta zifananishe folda zenyewe kwa zenyewe bila kupitia sava ya mtu. Unawasha hotspoti ya simu, laptopu na deskitopu zote zinaingia humo, data ya simu unaweza ukaizima kabisa, zinajuana kwa mtandao wa ndani na kupeana mafaili. Hakuna bando linaloliwa. Siku unapoiweka, kila mashine ina namba yake ndefu ya utambulisho, unaichukua ya hii unaiingiza kwenye ile, kule unakubali, unachagua folda ya NOTSI, basi. Deskitopu kama haina waifai kuna vidongo vya USB vinauzwa, sio ghali.

Sharti lake mashine zote mbili ziwe zinawaka kwa wakati mmoja. Kwa hiyo asubuhi ukifika ofisini washa laptopu kwanza, chai ikiisha zimeshafanana. Na kwenye folda ya laptopu yako nenda sehemu ya matoleo ya faili uiwashe, chagua ile ya kupanga kwa muda, Syncthing itakuwa inaziweka zile za zamani kwenye folda iliyojificha ya .stversions. Hiyo inakuokoa siku mwenzako wa taaluma amefuta kitu kule ofisini.

Ukirekebisha faili moja pande zote mbili kabla hazijakutana haitakuchagulia, utaiona ya pili imekaa pembeni ina maneno sync-conflict kwenye jina. Usiifute kwa hasira. Fungua zote mbili usome, hamisha unachotaka, ndo ufute.

Kwa simu, ile programu rasmi ya Android waliacha kuitunza Desemba 2024, kuna nyingine inaitwa Syncthing-Fork ndo watu wamehamia.

mama_steshenari

Niko steshenari Mwanjelwa, naomba niseme na mimi. Wateja wanadhani kompyuta zangu ni stoo yao. Anakuja anachapa barua, anaacha CV, anaacha vyeti vya watoto vimeskaniwa, miezi sita anarudi mama nilikuwa na faili langu hapa. Mimi kila Jumamosi jioni nafuta kila kitu Desktop, lazima, mashine zingejaa na pia sitaki lawama za vitu vya watu. Na mnaacha Gmail wazi! Mtu anaondoka kabisa, anayekaa baada yake anakuta barua zake zote. Toeni akaunti zenu mkimaliza. Halafu hizi flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa TB 2 msinunue, mtu juzi kaja analia faili zinafunguka nusu.

fundi_kabwe

Mama asante sana. Hizo flashi nataka niziongelee kidogo maana ni ugonjwa. Ndani inakuwa na kachipu kadogo, tuseme GB 8 au 16, kamechezewa kaidanganye kompyuta kwamba ni TB 2. Ukikopi inakubali, asilimia inafika mia, majina ya faili unayaona. Ila ukishapita ule ujazo wa kweli, vipya vinaandikwa juu ya vya zamani au vinapotelea hewani. Na hutajua mpaka siku ya kufungua. Kwenye Windows kuna kaprogramu kanaitwa H2testw, kanajaza flashi nzima halafu kanasoma kila alichoandika kuona kama kipo, kwenye Linux, ule mfumo wa bure wanaotumia wengine badala ya Windows, ipo F3 inafanya hivyo hivyo. Flashi mpya kabla hujaiamini ipime kwanza ikiwa tupu.

linuksi_baridi

Salamu kutoka Njombe, huku vidole havichapi kwa baridi lakini tutajitahidi 😂

Fundi uko sawa ila umeruka kitu cha msingi kuliko vyote, notsi zenyewe zimeandikwa kwenye nini. Watu wanafungia maisha yao ndani ya programu za watu. Evernote ilikuwa kipenzi cha wengi, Desemba 2023 wakaibana akaunti ya bure ibaki notsi 50 na daftari 1, uliyekuwa na mia sita ukitaka kuandika mpya ulipie. Mimi vyangu vyote ni faili za maandishi matupu, nyingine .txt nyingine .md, hiyo Markdown ipo toka 2004 na ni maandishi ya kawaida tu yenye alama ndogo ndogo za vichwa na orodha, hata Notepad ya Windows inafungua. Nikitaka muonekano mzuri natumia Obsidian, ambayo inasoma folda yangu ya kawaida kama ilivyo, siku nikiichoka naifuta na faili zangu zipo. Joplin nayo nzuri, inaweza kufungia notsi kwa paswedi kabla hazijapanda Dropbox au OneDrive, na kutoka nayo ni rahisi, unahamisha kama Markdown unaondoka.

Halafu juu ya hapo naweka Git. Ndiyo, ile ile programu ya kutunza historia ya mafaili, ya Linus Torvalds aliyeanzisha Linux, ya 2005, ya watengeneza programu. Kila jioni naandika mistari miwili inatunza hali ya folda nzima, naweza kurudi kuona nilichoandika mwaka juzi tarehe fulani. Nakala inaenda kwenye hadidiski na nyingine GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git, sehemu ya siri, bure.

fundi_kabwe

Mkuu wa Njombe nakukubali kwenye maandishi matupu mia kwa mia. Git kwako na kwangu sawa, ila ticha wa Tukuyu ukimwambia akomiti kila jioni ataacha wiki ya pili arudi kwenye flashi yake, na bakapu iliyoachwa ni mbaya kuliko ya kizembe inayofanyika. Sitaki njia inayohitaji mtu awe na moyo wa chuma.

Ila kwa wanaochanganya Linux na Windows muangalie majina ya faili. Linux inakubali uandike "Somo la 3: mmomonyoko?" Windows haitaki nukta mbili wala alama ya kuuliza kwenye jina, faili haivuki. Na Linux inaona Notsi.txt na notsi.txt ni vitu viwili, Windows inaona kimoja. Ukitumia herufi ndogo na vistari huna ugomvi na mtu.

linuksi_baridi

Kweli hiyo. Nyingine kwa wenye Windows, tumieni robocopy, amri ya kukopi mafaili, ipo humo humo ndani hainunuliwi. Mfano

robocopy C:\NOTSI E:\BAKAPU\NOTSI /E

inakopi vilivyobadilika tu, haianzi upya kila siku. Iandike kwenye Notepad, sevu kwa jina bakapu.bat, ukichomeka flashi unabofya mara mbili umemaliza.

fundi_kabwe

Naam, na hapo muwe macho, mtandaoni mtakuta watu wanaandika /MIR badala ya /E. Hiyo /MIR inafanya kule kufanane kabisa na huku, maana yake kisichokuwepo huku inakifuta kule. Ukiwa umefuta folda kwa bahati mbaya halafu ukabofya, umeifuta na kwenye bakapu kwa mkono wako. Tumieni /E. Tena hata kwa /E faili iliyoharibika huku itaifunika nzima ya kule, ndo maana ile zipu ya kila mwezi iko pale pale.

kijana_wa_makambako

Wakuu mimi zipu yangu ina GB 5 na ushee (picha za saiti, nafanya kazi za ujenzi) flashi ina GB 32 tupu kabisa inakataa inasema faili kubwa mno. Flashi mbovu au?

linuksi_baridi

Sio mbovu, imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa mafaili, hiyo haibebi faili moja inayozidi GB 4. Formati iwe exFAT, ila toa vitu kwanza maana inafuta kila kitu.

mwana_iringa

Nimerudi, flashi nimeicheki, gdoc tupu 😭 afadhali akaunti ipo. Swali, mshikaji wangu laptopu ya Windows 11 imekufa mazabodi, fundi mmoja katoa hadidiski akaichomeka kwenye mashine nyingine inadai ufunguo wa namba 48. Hajawahi kuweka paswedi ya namna hiyo maisha yake.

fundi_kabwe

Hiyo BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski nzima. Mashine nyingi mpya ukiziwasha mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft zinajifunga zenyewe, na ufunguo unatunzwa kwenye hiyo akaunti. Mwambie aingie akaunti yake ya Microsoft kwa simu, sehemu ya vifaa, atafute ufunguo wa urejeshaji, mara nyingi upo. Akikosa huo ufunguo hakuna fundi hapa nchini wala nje wa kuifungua, anayemwambia atafungua anataka hela yake. Na nyie ambao mashine zenu bado zinawaka ingieni leo, chukueni hizo namba, ziprintini.

Maana hapa ndo kuna shimo ambalo watu hawalioni. Unaweka kila kitu wingu, akaunti imeunganishwa na laini ya simu, laini inakaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba anapewa mtu mwingine, siku unataka kuingia kwenye kompyuta mpya Google anatuma kodi kwenye namba ambayo sio yako tena. Google akishakuwekea ulinzi wa hatua mbili anakupa na kodi 10 za akiba, kila moja ina tarakimu 8. Ziandike kwenye karatasi, kaa nazo na vyeti vyako vya shule. Na ile akaunti ya zamani uliyoiacha na vitu ndani uifungue mara moja moja, tangu Desemba 2023 wanafuta akaunti binafsi ambazo zimekaa miaka 2 bila kuguswa.

mama_steshenari

Kwa hiyo fundi wingu tuliache?

fundi_kabwe

Hapana mama, wingu ndo ile nakala ya nje ya nyumba kwa mtu ambaye hana ndugu wa kumwachia flashi. Nachokataa ni kulitegemea peke yake. Mnakumbuka Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nzima mtandao ukawa wa kuokoteza, mwenye notsi zake Docs peke yake alikaa akiangalia kioo. Na wingu ni jengo lenye kompyuta kama zako, linaungua. Machi 10, 2021 jengo la OVHcloud, kampuni ya kukodisha sava, kule Strasbourg Ufaransa liliteketea, na walioweka kazi zao pale bila nakala sehemu nyingine walizipoteza moja kwa moja.

Na hata mwenye nakala kibao ajaribu kuzifungua. Januari 31, 2017 GitLab, kampuni ambayo kazi yake kabisa ni kutunza kazi za watengeneza programu, mhandisi wao alifuta data kwenye sava siyo. Wakakimbilia bakapu. Njia tano walizokuwa nazo hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi sawasawa, kilichowatoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kama masaa sita kabla kwa shughuli zake nyingine. Kama hao yamewakuta, wewe mwenye zipu za mwezi chukua moja leo, ipeleke kwenye kompyuta nyingine kabisa, ifungue, tafuta notsi moja ya zamani uisome mpaka mwisho. Ikifunguka una bakapu.

Kwa wale wenye taarifa za watu humo ndani, wauguzi, walimu wenye matokeo, watu wa vikoba wenye namba za wanachama, hiyo zipu ifungeni kwa programu ya 7-Zip na paswedi, kwenye aina ya ufungaji chagueni AES-256. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, flashi ya wagonjwa ikidondoka kwenye daladala ya Uyole sio jambo la kucheka.

tichaa_tukuyu

Fundi ndaga fijo. Syncthing nimeipata, jana nimeziunganisha zote mbili kwa hotspoti pale ofisini, faili la azimio la kazi la kidato cha tatu limetoka upande huu limetokea kule naliona kwa macho. Ile sync-conflict nayo imeshakuja moja, nimeisoma, kumbe ya ofisini ndo ilikuwa sahihi. Swali la mwisho, flashi ya bakapu nikiifungia kabatini nikaiacha miaka na miaka itakuwepo?

fundi_kabwe

Asante kwa mrejesho mwalimu. Hapana, usiiache. Flashi inashika data kwa chaji ya umeme iliyomo kwenye chipu, ikikaa miaka mingi haijachomekwa inaanza kuvuja, na zile za bei rahisi zinawahi zaidi. Unyevu wa Tukuyu nao unakula vile vishaba vya mbele. Kila mwaka shule zikifunga Desemba, kopi kila kitu kwenye flashi mpya au hadidiski, ile ya zamani usiitupe, ipeleke kwa ndugu. Kabatini iweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

tichaa_tukuyu

Mdogo wangu yuko Makambako, ya pili itakaa kwake. Jumamosi nashuka Mbeya kununua hiyo flashi, nipite hapo Kabwe uipime na H2testw kabla sijalipa?

fundi_kabwe

Pita, ila muombe muuzaji akuandikie risiti ya kurudisha maana mimi siwezi kuipima akiwa amesimama ananisubiri. Chukua GB 32 inakutosha. GB 64 kwenye hizi pota za USB 2 kuijaza na kuisoma ni zaidi ya masaa mawili, na gari za mwisho za Tukuyu sitaki zikuache. Fika kabla ya saa sita.

kijana_wa_makambako

exFAT imekubali wakuu, zipu imeingia

mama_steshenari

Ticha usinunue kwa wanaotembeza stendi. Njoo Mwanjelwa.